Uvujaji wa giaboksi ya Land Rover Series

Uvujaji wa giaboksi ya Land Rover Series ni hali ya oili ya gia kutoka nje ya kasha la giaboksi au la transfa katika magari ya Land Rover ya zamani, yaani yale yaliyotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1948 hadi 1985. Ni hitilafu ya kawaida mno katika magari haya, kiasi kwamba wenye nayo hutaniana kuwa Land Rover isiyovuja imekwisha oili. Utani huo una ukweli ndani yake: tone moja chini ya gari asubuhi si ajali. Lakini uvujaji ukiachwa huweza kuua beringi na gia kwa kukosa oili, kulowesha klachi hadi iteleze, na katika gari hili hasa, kuondoa kabisa nguvu ya breki ya mkono.

Sehemu kubwa ya matengenezo yake yanaweza kufanyika nyumbani kwa spana za kawaida, jeki na uvumilivu. Machache yanahitaji gereji au fundi wa kuchomelea aluminiamu.

Muundo wa giaboksi

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Baada yake zilifuata Series II (1958), Series IIA (1961) na Series III (1971 hadi 1985). Namba kama 88 na 109 zinazotajwa pamoja na majina haya ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwa inchi. Magari haya yalienea katika Afrika ya Mashariki kwenye misheni, hifadhi za wanyama, mashamba na ofisi za serikali. Mengine yaliunganishwa Thika, Kenya, katika kiwanda cha Leyland Kenya. Mengi yangali barabarani hadi leo, na hiyo ndiyo sababu elimu ya kuyaziba haijapitwa na wakati.

Kinachoitwa "giaboksi" na madereva ni masanduku mawili yaliyofungwa pamoja kwa boliti. La kwanza ni giaboksi kuu yenye gia nne za mbele na moja ya kurudi nyuma. La pili liko nyuma yake na kushuka chini kidogo: hili ni transfa, ambayo ina mwendo mwepesi na mwendo mzito, na hugawa nguvu kwa propela ya nyuma na ya mbele. Mbele ya giaboksi kuu kuna kasha la klachi lenye umbo la kengele, ambalo linaiunganisha na injini na halipaswi kuwa na oili ndani.

Makasha yote ni ya aluminiamu iliyotupwa, ilhali shafti, boliti na beringi ni za chuma. Aluminiamu hutanuka zaidi ya chuma inapopata joto, nayo ni laini zaidi. Kwa hiyo miaka inavyopita boliti hulegea, nyuzi za matundu huchakaa, na gasketi za karatasi kati ya vipande hukauka na kusinyaa. Penye shafti inayozunguka hakuna gasketi bali sili ya mpira yenye mdomo unaobana shafti. Mdomo huo hukakamaa kwa umri. Gari lililokaa miaka bila kuendeshwa huwa na sili mbovu kuliko lile linalotembea kila siku, jambo linalowashangaza wengi wanaonunua gari lililokuwa limefichwa bandani.

Breki ya mkono ya Land Rover Series haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye dramu moja nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Sili inayozuia oili isitoke iko sentimita chache tu kutoka kwenye viatu vya breki hiyo.

Mahali panapovuja

Uvujaji wa kawaida zaidi ni huo wa sili ya nyuma ya transfa. Dalili zake ni dramu ya breki yenye oili, michirizi kwenye propela na sakafu ya chini, na gari linaloteleza mlimani hata mkono wa breki ukivutwa hadi mwisho.

Sili ya mbele ya transfa, inapotokea propela ya mbele, huvuja vilevile lakini madhara yake ni machache. Chini ya transfa kuna kifuniko kilichofungwa kwa gasketi. Hicho huvuja polepole pande zote na kuacha utandu wa oili na vumbi. Shafti ya kati ya transfa hupita kwenye kasha lenyewe, na katika matoleo mengi huzuiwa kwa pete ya mpira ambayo ikikauka huruhusu oili kutambaa nje pembeni mwa shafti.

Kuna pia uvujaji usioonekana. Giaboksi kuu na transfa zina oili tofauti, na kati yake kuna sili moja. Sili hiyo ikiisha, oili ya giaboksi kuu huhamia kwenye transfa. Mwenye gari huona transfa inavuja kwa sababu imejaa kupita kiasi, anabadilisha sili za nje mara mbili au tatu bila mafanikio, huku giaboksi kuu ikikauka. Kwa sababu hiyo jambo la kwanza kabla ya kununua chochote ni kupima kimo cha oili katika masanduku yote mawili.

Kutafuta chanzo

Oili hutambaa, na upepo wa mwendo huipeleka nyuma. Mahali inapodondokea si lazima pawe mahali inapotokea. Chanzo mara nyingi kiko juu zaidi na mbele zaidi. Haiwezekani kukiona chini ya tabaka la matope na oili ya miaka ishirini.

Kasha husafishwa kwa brashi ngumu, mafuta ya taa au dizeli, kisha maji ya sabuni, na kufutwa hadi likauke. Petroli haifai kwa kazi hii, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu na mtu amelala chini ya gari. Baada ya kukauka, gari huendeshwa kilomita kumi hivi ili oili ipate joto, kisha huegeshwa juu ya kipande cha boksi la karatasi kilichowekewa alama za magurudumu. Unga wa talki au wa chokaa ukipulizwa kwenye kasha lililokauka huonyesha njia ya oili kama mstari mweusi.

Oili ya gia ni nzito, na ina harufu kali ya salfa ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Oili ya injini huwa nyepesi na nyeusi. Tofauti hii ni muhimu hasa oili inapotoka kwenye tundu dogo chini ya kasha la klachi, kwa kuwa pale inaweza kuwa imetoka nyuma ya injini au mbele ya giaboksi, na kazi ya kila moja ni tofauti.

Tundu lile liliwekwa makusudi na kiwanda. Linaruhusu oili iliyopenya itoke nje badala ya kujaa na kulowesha klachi. Gari linapovuka mto, tundu huzibwa kwa kizibo cha skurubu, na baada ya kuvuka kizibo hutolewa. Baadhi ya wenye magari hukiacha siku zote wakidhani wameponya uvujaji. Wiki chache baadaye klachi inaanza kuteleza.

Jambo jingine la kukagua ni tundu la kupumulia. Oili ikipata joto, hewa iliyo ndani hutanuka na hupaswa kutoka. Tundu likizibwa na matope, hewa hiyo husukuma oili kupita kwenye sili ambazo hazina ubovu wowote. Kulisafisha hakugharimu kitu, na mara nyingine ndilo tengenezo lote lililohitajika.

Usalama

Katika magari mengi ya kisasa breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Katika Land Rover Series hushika propela. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difrensha huliruhusu lizunguke hewani huku lililo chini nalo likizunguka upande wa pili, na gari husogea ingawa breki imevutwa. Na propela ya nyuma ikifunguliwa, magurudumu ya nyuma hayana uhusiano wowote na breki ya mkono wala na gia. Gari lililosimama kwenye mteremko huondoka lenyewe, na fundi yuko chini yake.

Kwa hiyo kazi hii hufanyika mahali tambarare na pagumu, magurudumu yote yakiwa yamewekewa kabari za mbao au mawe mazito mbele na nyuma kabla ya boliti yoyote ya propela kuguswa. Uzuri wa Land Rover ni kwamba imeinuka. Sehemu kubwa ya kazi ya sili ya nyuma inawezekana bila kuinua gari kabisa. Ikilazimika kuinuliwa, fremu hukalia stendi za chuma au magogo mapana. Jeki ni ya kuinulia tu, na matofali ya saruji yenye matundu hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Vumbi la viatu vya breki na vya klachi vya zamani linaweza kuwa na asbesto, ambayo husababisha saratani ya mapafu. Halipulizwi kwa mdomo wala kwa kompresa. Hufutwa kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho hufungwa kwenye mfuko na kutupwa.

Kubadilisha sili ya nyuma ya transfa

Kabla ya kumwaga oili, hufunguliwa kwanza kizibo cha kujazia. Mara nyingi hukuta kimeshikana kwa kutu, na aliyekwisha kumwaga oili yote ndipo agundue hawezi kuijaza tena hubaki na gari lisilotembea. Kizibo cha kujazia kikifunguka, cha kumwagia hufuata, na oili hupokelewa kwenye karai. Unga mwembamba wa chuma kwenye oili ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno ya gia au beringi iliyovunjika. Hapo kubadilisha sili peke yake ni kupoteza muda.

Propela na flanchi yake huwekewa alama ya patasi au rangi ili zirudi kama zilivyokuwa, kisha nati zake nne hufunguliwa. Boliti za magari haya ni za inchi, na spana ya milimita inayokaribiana huharibu vichwa vyake. Viatu vya breki hulegezwa kwa kurudisha nyuma skurubu ya kurekebishia, skurubu za dramu hutolewa, na dramu huvutwa. Ikikataa, hugongwagongwa kwa nyundo ya mbao kuzunguka, si mahali pamoja.

Ndani huonekana nati kubwa katikati ya flanchi. Katika matoleo ya zamani imefungiwa kwa kotapini ambayo hutolewa kwanza na haitumiki tena. Flanchi hutaka kuzunguka pamoja na nati. Huzuiwa kwa kipande cha chuma kirefu kilichofungwa kwenye boliti zake mbili na kuegemezwa kwenye fremu. Nati ikitoka, flanchi huvutwa kwa mkono au kwa pula.

Wengine hapa huona boliti za kasha dogo la mita ya mwendo na kuzifungua ili wapate nafasi. Hilo halihitajiki, na lina gharama. Kati ya kasha hilo na transfa kuna shimu, yaani bati nyembamba zinazopima mbano wa beringi za shafti. Moja ikipotea au ikichanika, beringi zitalegea au kubanwa mno, na uvujaji uliotengenezwa utarudi pamoja na mlio. Sili yenyewe hufikiwa kutoka nyuma baada ya kutoa flanchi na bamba la breki pamoja na kikinga oili chake. Kasha hilo likilazimika kutoka kwa sababu nyingine, shimu zote huhifadhiwa zilivyo na kurudishwa zote.

Sili ya zamani hung'olewa kwa bisibisi iliyopinda, kwa uangalifu ili isichore aluminiamu, kwani mchoro mmoja ni njia mpya ya oili. Sili mpya hupakwa oili mdomoni na kuingizwa upande wenye springi ukielekea ndani, penye oili. Husukumwa sawasawa kwa bomba au soketi yenye upana unaokaribia wa sili. Ikiingia mshazari itavuja siku hiyohiyo.

Kosa linalorudiwa sana ni kufunga sili mpya juu ya flanchi ya zamani bila kuitazama. Mahali mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua huchimbika mfereji. Ukucha ukipitishwa na kukwama, sili mpya haitashika. Dawa ni flanchi nyingine, au pete nyembamba ya chuma inayovikwa juu ya mfereji, au kwa dharura kuisukuma sili ndani milimita moja au mbili zaidi ili mdomo uguse sehemu laini, kama nafasi ipo. Kutu ndogo husuguliwa kwa msasa laini sana kwa kuzungusha flanchi, kamwe si kwa kwenda mbele na nyuma.

Oili hupita pia kati ya meno ya flanchi na ya shafti, ikatokea katikati karibu na nati. Mafundi wazoefu hupaka silikoni kidogo chini ya washa ya nati kabla ya kukaza.

Viatu vya breki vilivyolowa oili hubadilishwa. Kuvichoma kwa petroli ili vikauke, kama inavyofanyika gereji nyingi, huondoa oili ya juu tu. Iliyonyonywa ndani hutoka tena breki inapopata joto, na gari litasimama vizuri mbele ya nyumba na kushindwa mlimani. Dramu huoshwa na kukaushwa. Baada ya kuunganisha kila kitu, skurubu ya kurekebishia hukazwa hadi viatu viguse dramu, kisha hulegezwa kidogo ili izunguke bila kusugua.

Gasketi na vifuniko

Gasketi ya kifuniko cha chini hukatwa nyumbani kwa karatasi ya gasketi inayouzwa kwa shiti. Kifuniko hupakwa oili chafu kidogo ukingoni na kubandikwa juu ya karatasi, alama hubaki, na mkasi hufuata. Kugonga karatasi kwa nyundo juu ya ukingo wa aluminiamu ni njia ya haraka lakini huacha vishimo.

Masalia ya gasketi ya zamani hukwanguliwa kwa kipande cha mbao ngumu au cha plastiki, si kwa patasi. Kifuniko huwekwa juu ya kioo: kikitikisika, kimepinda, na kitavuja hata kwa gasketi nzuri kiasi gani. Husawazishwa kwa kukisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hichohicho. Boliti hukazwa kwa zamu, upande huu na ule, kwa mkono mwepesi. Kinachoharibu vifuniko hivi zaidi ya uzee ni spana ndefu ya mtu mwenye nguvu. Silikoni ya tyubu inasaidia ikipakwa nyembamba. Ikiwa nene, hubanwa kuelekea ndani, hukatika, na huelea kwenye oili.

Nyufa na nyuzi zilizoisha

Tundu lenye nyuzi zilizoisha hutobolewa upya, huchongwa uzi mkubwa zaidi, na kutiwa springi ya chuma ambayo ndani yake ina uzi wa kipimo cha awali. Seti zake huuzwa katika maduka ya vifaa vya mafundi, na tundu lililotengenezwa hivyo huwa imara kuliko lilivyokuwa.

Ufa mdogo mahali pasipobeba uzito unaweza kuzibwa kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Oili hutolewa kabisa, ncha zote mbili za ufa hutobolewa kwa keekee ya milimita 3 ili usiendelee, na mfereji wenye umbo la V huchongwa juu yake. Eneo husuguliwa hadi aluminiamu ing'ae, huoshwa kwa asetoni, na epoksi hupakwa na kuachwa ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Sabuni ya mche, inayosaidia sana tangi la petroli likitoboka njiani, hapa haidumu, kwa sababu kasha hupata joto na sabuni hulainika.

Ufa karibu na beringi au kwenye masikio ya kufungia giaboksi hautibiwi kwa gundi. Huchomelewa kwa gesi ya agoni na fundi anayejua aluminiamu, kasha likiwa limevuliwa kila kitu. Aluminiamu iliyokunywa oili kwa miaka mingi hutoa mapovu inapochomelewa, hivyo kuosha na kupasha moto kabla ni nusu ya kazi. Joto huweza pia kupinda matundu ya beringi. Kasha la mtumba lisilo na ufa mara nyingi ni nafuu kuliko kuchomelea.

Uvujaji wa mbele

Oili ya gia ikitoka kwenye tundu la kasha la klachi, giaboksi lazima itenganishwe na injini. Katika Land Rover Series haitolewi kwa chini bali kwa juu: sakafu, kifuniko cha katikati na sanduku zima la viti huondolewa, na giaboksi pamoja na transfa huinuliwa kwa winchi kupitia mlangoni. Si mzigo wa mtu mmoja, wala wa watu wawili wenye kamba. Kwa kuwa kazi ni kubwa, klachi, beringi yake na sili ya nyuma ya injini hukaguliwa papo hapo, na sili iliyo kati ya giaboksi na transfa hubadilishwa wakati huohuo.

Oili

Giaboksi kuu ya Series II hadi III huchukua takriban lita 1.5 na transfa lita 2.5, za oili ya gia ya EP90. Kipimo sahihi ni tundu la kimo: gari likiwa tambarare, oili hujazwa hadi ianze kumwagika, kisha kizibo hurudishwa kikiwa na washa mpya. Kuongeza zaidi "ili isiishe haraka" huleta uvujaji mwingine.

Oili ya daraja la GL-4 ndiyo inayopendekezwa kwa giaboksi hizi, maana ndani yake kuna vipande vya shaba nyeusi, na baadhi ya oili za GL-5 zina viungo vya salfa vinavyoweza kula madini ya jamii hiyo. Oili nzito zaidi hupunguza matone lakini hufanya gia ziwe ngumu kuingia asubuhi za baridi.

Oili iliyomwagwa huhifadhiwa kwenye dumu na kupelekwa kwa wanaoikusanya. Wengi huipaka kwenye nguzo za uzio dhidi ya mchwa. Ikimwagwa ardhini karibu na kisima, huishia kwenye maji ya kunywa.

Baada ya kilomita 50 hivi, kimo cha oili hupimwa tena katika masanduku yote mawili, boliti za propela hukazwa upya, na kipande safi cha boksi hulazwa chini ya gari usiku.